Sasa Unaweza Kuzima

Nguo ya mtumba ukiinunua pale mjini Morogoro unaweza kukuta jina la mwenyewe wa zamani limeshonwa ndani ya ukosi. Unachukua wembe, unafumua nyuzi mbili tatu, nguo imekuwa yako. Kompyuta ya mtumba si hivyo. Yetu ilifika Mlali mwaka 2000, nyuma ya gari lililotoka kupeleka nyanya mjini, imeviringishwa katika blanketi la mjomba kama mgonjwa. Tulipoiwasha kwa mara ya kwanza, watu wamejaa mlangoni hadi barazani, kioo kilikaa cheusi kwanza, kikawaza, halafu kikatoa mwamvuli mkubwa wa bluu na maneno ya Kiholanzi. Kumbe zamani ilikuwa mali ya kampuni fulani ya bima huko Uholanzi. Kampuni ilikwisha kuitupa, lakini yenyewe kila asubuhi iliendelea kuwaamkia mabwana zake wa zamani.

Wiki ile ile mzee mmoja aliingia dukani, akautazama ule mwamvuli, akauliza bei. Mjomba akamwambia hatuuzi miamvuli, tunataipu barua. Mzee akasema basi ondoeni picha, mnadanganya watu. Mimi nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa.

Kwa asiyepajua Mlali: unatoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, unafika Sangasanga, unaingia kushoto, unaipita Mzumbe, na kabla gari halijaanza kuhema kupanda Mgeta, hapo ndipo kwetu. Mbele yako Milima ya Uluguru imesimama kama ukuta, kichwani imevaa ukungu. Magari ya kabichi, njegere na viazi yanashuka kutoka juu, na sisi wa bondeni tunaongezea nyanya. Siku zile tulikuwa bado katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, Mvomero haijawa wilaya. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu naomba tusiyazungumze hapa. Nilikuwa nyumbani tu, nakula ugali wa bure na kusoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua.

Mjomba alikuwa mpiga chapa mstaafu. Maisha yake yote alipiga taipureta katika ofisi za watu, na mpaka leo sijaona vidole kama vile. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni wa sikukuu, ni mtu mwenye kauli. Alipochukua kiinua mgongo chake akasema anafungua duka la kutaipu, na kwamba mimi nitakaa naye nijifunze, hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilitaka, lakini hakuna aliyeniuliza.

Alipenda kutuhadithia kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilikuwa kweli. Hazina ilijaribu mashine hizo tangu miaka ya sitini, mambo yakaenda mrama, pesa zikapotea, na amri ikatoka kwamba kompyuta zisiingizwe tena, na televisheni nazo vivyo hivyo. Huku bara televisheni tulikuja kuipata mwaka 1994. "Kwa hiyo," mjomba alikuwa akisema huku akifuta vumbi kwenye kioo kwa leso yake, "hii unayoiona hapa ilikuwa magendo, kama vile sabuni." Alikuwa na fahari nayo, na pia hakuiamini. Taipureta, kwa maneno yake, haiombi ruhusa kulala wala kuamka.

Duka lilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yangu, dada yake mkubwa. Mama alikaa barazani na kikaango chake cha vitumbua. Shule rasmi hakuipata. Kusoma alijifunzia ngumbaru, baada ya ile 1970 ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikwenda darasani jioni akitoka shambani, mtoto mgongoni, na hadi leo anasoma kama walivyofundishwa: neno analikata vipande, anavitamka, kisha anaviunganisha. Kiswahili kimoja tu. Kiingereza kwake ni michoro. Naomba uliweke hilo akilini, maana ndipo kisa kilipo.

Sasa basi. Alikuwepo mshikaji mmoja, mwanafunzi wa IDM Mzumbe, chuo ambacho mwaka 2001 kilikuja kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Alikuwa anakuja kutaipisha kazi zake kwetu kwa sababu foleni ya chuoni ilimchosha, na huenda pia kwa sababu ya vitumbua. Nikamwuliza kama kuna dawa ya ule mwamvuli. Akacheka. Akasema ile picha ni faili tu.

Hiyo sentensi, msomaji, ilinipiga. Mimi nilidhani ile picha imo ndani ya chuma, imechongwa humo na wazungu, haigusiki. Kumbe ni faili, kama barua ya mtu anayeomba uhamisho. Inakaa katika diski C, inaitwa LOGO.SYS, na imefichwa ili watu kama mimi tusiione. Akanionyesha jinsi ya kuingia kwenye ule weusi wa DOS na kuandika attrib -r -s -h logo.sys, faili ikatoka mafichoni kama panya aliyemwagiwa maji. Ukiibadilisha mkia iitwe LOGO.BMP, Paint inaifungua, na ule mwamvuli wenye kiburi unalala mbele yako, unaweza kuuchora masharubu.

Masharti yake ni machache lakini makali. Upana nukta 320, urefu nukta 400, rangi 256, basi. Nukta 128,000, kila moja baiti moja, ongeza orodha ya rangi na kichwa cha faili, jumla 129,078. Namba hiyo sijaisahau, na mambo mengi ya maana nimeyasahau. Jambo la kukumbuka ni kwamba wakati wa kuwaka, kioo kinaivuta picha kwa upana mara mbili. Mimi sharti hilo sikulisikiliza vizuri, maana nilikuwa nimeshaanza kuchora.

Nilichora siku nne, saa ambazo hakuna wateja. Kipanya chetu kilikuwa na mpira tumboni uliojaa vumbi na unga wa vitumbua, ukikivuta kulia kinakwenda kulia kikipenda. Nikachora Uluguru ya kijani iliyokolea, nikaweka ukungu, nikaweka mto wetu unaoshuka kwenda bwawa la Mindu kuwanywesha watu wa mjini. Juu nikaandika KARIBU MLALI. Na chini, kwa herufi ambazo nilijiambia ni ndogo, nikaandika jina langu kamili, majina yote matatu.

Tukawasha. Milima ilitoka imelala. Imepanuka, imekandamizwa, kama mtu ameikalia. Uluguru yangu ikawa matuta ya viazi. Jina langu ndilo lililotoka bomba kabisa, limejaa kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Mshikaji alicheka hadi akatoka nje. Ndipo aliponirudia: unachora kwa upana wa 640, halafu unaibana nusu, ili kioo kikiivuta irudi mahali pake. Nikarudia kazi yote. Safari ya pili milima ilisimama. Watu wakaja kuitazama. Vijana wa kijiweni walikuja saa mbili asubuhi, saa ya kuwasha, kama watu wanaosubiri mpira uanze. Mama alisimama mlangoni na kijiko chake, akasoma: ka-ri-bu M-la-li. Akacheka peke yake. Hakusema kitu, akarudi kwenye mafuta yake.

Mjomba aliangalia muda mrefu. "Nzuri," akasema. "Lakini duka hili ni la nani?" Nikajifanya sikusikia.

Palikuwa na kasoro moja. Picha za Windows za siku zile zilikuwa na mstari chini unaotiririka, na huo mstari kumbe si sinema. Ni rangi zinapokezana zamu: chache za mwisho katika orodha zinazungushwa, jicho linadhani kitu kinatembea. Kuna namba ndani ya kichwa cha faili inayosema mzunguko uanzie rangi ya ngapi. Paint haikuijua siri hiyo, nilipohifadhi ikaifuta. Picha yangu ikawa imeganda. Na mjomba, kila asubuhi, akiiona imetulia bila kutikisika, alidhani mashine imekufa, anaweka kidole kwenye swichi. Mara mbili aliizima katikati ya kuwaka. Mara mbili ikaamka na kile kioo cha bluu cha ScanDisk kinachokusimanga kwamba hukuifunga vizuri. Nikamwambia mjomba, subiri tu. Akasema: "Nasubiri nini? Ningejuaje kama inafanya kazi au imelala?" Swali la haki. Sikulijibu.

Ikaja kazi kubwa. Mwalimu wa shule moja ya jirani alituletea mitihani ya majaribio ya darasa la saba, masomo yote, ya shule tatu zilizochanga pesa. Karatasi zimeandikwa kwa mkono, michoro ya hesabu, ramani, kila kitu. Ukurasa Sh. 300. Kwa duka letu hiyo haikuwa kazi, ilikuwa sikukuu. Nilitaipu siku tatu. Siku ya tatu saa kumi na moja jioni nikamaliza, nikahifadhi, na kesho yake saa mbili asubuhi mwalimu angekuja kuchukua.

Mjomba alikuwa mjini kununua karatasi na wino. Mimi nilikuwa na hamu ya kwenda Mzumbe kumwonyesha yule mshikaji picha nyingine tatu nilizochora, nimeziweka kwenye disketi. Niseme ukweli, nilikuwa nakwenda kusifiwa. Nikamwachia mama duka. Nikamwonyesha haraka haraka: mama, bonyeza hapa, kisha hapa, kisha hapa, halafu ukiona maandishi, zima swichi. Akarudia maneno yangu kama anayepewa dozi ya dawa. Nikaondoka mbio.

Asubuhi mitihani haikuwepo.

Sitaeleza sana. Aliyewahi kupoteza maandishi yake anajua. Unafungua folda, unaona majina mawili badala ya saba. Unafunga, unafungua tena, kana kwamba yalikuwa yametoka kidogo. ScanDisk ilikuwa imepita usiku ule wa kompyuta, ikaokota vipande na kuvipa majina yake yenyewe, FILE0000.CHK, FILE0001.CHK. Nilikifungua kimoja. Ndani mlikuwa na alama kama za wadudu, halafu ghafla nusu ya swali la hesabu kuhusu mkulima na magunia yake, halafu wadudu tena.

Mwalimu alifika saa mbili kamili. Mjomba alimwomba radhi amesimama, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona mjomba ameshika kofia mkononi mbele ya mtu aliye mdogo kwake. Bahati nzuri karatasi za mkono zilikuwepo. Tulitaipu upya, yeye na mimi kwa zamu, mchana, usiku hadi asubuhi, yeye kwa vidole vyake vya taipureta vinavyogonga kibodi kama mvua ya mawe juu ya bati. Pesa hakuchukua hata senti.

Tulipomaliza aliniita barazani. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mjomba akishusha sauti ni afadhali apige. "Mwanangu, hii mashine ilikuja na mwamvuli, ikafanya kazi. Wewe ukaweka jina lako, ikala mitihani ya watoto. Sasa futa hiyo picha. Kuanzia leo hii ni mashine ya kutaipu, siyo ya kuchorea." Nikafuta. Ukiifuta LOGO.SYS, yanarudi mawingu ya Windows yenyewe, maana picha ya asili imewekwa ndani ya faili jingine. Hata mwamvuli haukurudi. Mtaa mzima ukajua kwamba milima yangu imekula mitihani. Vijana wa kijiweni wakanipa jina la utani ambalo sitaliandika.

Nami niliamini. Siku tatu niliamini kwamba picha yangu ndiyo iliyoua. Mpaka yule mshikaji akaja, nikamhadithia, akatikisa kichwa. Picha ya kuwasha haiwezi kula faili, akasema, na kule kuzimazima kwa mjomba asubuhi, Word ikiwa haijafunguliwa, sikoni kulikofanya haya. Nani alizima jioni ile? Alizimaje?

Akanieleza. Windows unapoiambia ihifadhi, haiandiki kila kitu papo hapo kwenye diski. Mengine inayaweka kichwani kwanza, kama mwenye duka anayekariri madeni mchana ili ayahamishie daftarini jioni. Ndiyo maana ukitaka kufunga kunatokea vioo viwili. Kioo cha kwanza kinasema kwamba mashine inajifunga, maana yake bado anaandika madeni. Cha pili, cheusi chenye herufi za rangi ya machungwa, kinasema sasa ni salama kuzima. Vyote viwili kwa Kiingereza. Ukikata umeme kwenye kioo cha kwanza, umemzimia taa mwenye duka kalamu ikiwa mkononi.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nayasikia maneno yangu mwenyewe: ukiona maandishi, zima. Mama aliona maandishi. Akazima. Alifanya kama alivyoagizwa na mtu aliyefika kidato cha nne.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kwenda kwa mjomba nijisafishe: si picha yangu, ni mama alizima mapema. Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu ya kweli, na ile nusu ingemwangukia mama, ambaye ni dada mkubwa, na nyumba ni yake. Nilimwona tayari akikataa kuigusa tena ile mashine, akisema mimi wa ngumbaru, mambo ya vioo sina. Njia ya pili ni kusema kosa ni maagizo yangu, yaani kueleza kwa nini nilikuwa na haraka jioni ile na nilikuwa nakwenda wapi. Sikusema lolote. Naomba usiniite shujaa. Nilikuwa nimeshazoea lawama ya picha, ilikuwa nyepesi kuliko ile nyingine.

Lakini yale mawingu nayo ni faili, na vile vioo viwili vya kufunga ni faili. Vimo ndani ya folda ya Windows, LOGOW.SYS na LOGOS.SYS. Masharti ni yale yale, 320 kwa 400. Mjomba alikataza kuchora. Mimi nilijiambia kwamba kuandika si kuchora. Hiyo ni sheria ya kitoto, najua.

Saa ya mchana mjomba alipolala nikaanza. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku mbili, na si kwa sababu ya nukta. Ni kwa sababu ya maneno. Kiingereza chake ningeweza kukitafsiri kama kilivyo, ikatoka kitu cha ofisini: mfumo unasitishwa, sasa ni salama kuzima. Nikajaribu kukisoma kama mama, kipande kwa kipande. M-fu-mo u-na-si-ti-shwa. Akifika mwisho atakuwa amesahau mwanzo, na kidole kiko kwenye swichi. Nilifuta. Nikaandika TAFADHALI SUBIRI. Nikafuta tafadhali, kwa nini mashine imbembeleze mtu mzima mwenye nyumba yake? Mwishoni nikaacha hivi, herufi nene, nyeupe juu ya nyeusi:

SUBIRI. BADO NAANDIKA.

Na cha pili, rangi ya machungwa niliiacha kama ilivyokuwa:

SASA UNAWEZA KUZIMA.

Nikazibana herufi nusu ili kioo kizirudishe. Jina langu sikuliweka. Siyo kwa unyenyekevu, hapakuwa na nafasi.

Jioni nikamwambia mama, leo funga wewe. Akakataa. Nikamwambia naomba, mikono yangu ina mafuta ya taa. Akakaa kwenye kiti cha mjomba, akabonyeza pale, na pale, na pale, kidole cha mkono wa kushoto tayari kimeigusa swichi. Kioo kikabadilika. Nikamwona midomo yake ikianza kutembea. Su-bi-ri. Ba-do na-a-ndi-ka. Kidole kikatoka kwenye swichi chenyewe, polepole, kama mtu aliyekaribia kumkatiza mwenzake anayesali. Akakaa ameweka mikono mapajani. Kikaja cha pili. Akakisoma mara mbili. Akazima.

Hakucheka. Akanigeukia. "Ile siku ya mitihani ilikuwa inaandika?"

Nikasema ndiyo, lakini mimi ndiye nilikwambia zima.

"Na mjomba wako anajua?"

Nikasema hapana.

Akanyamaza. Akavua kanga ya kichwani, akaifunga upya, akavuka ua kwenda kwa mdogo wake. Sikumfuata. Nilisikia sauti yake tu, ndefu, na sauti ya mjomba fupi fupi. Kesho yake mjomba alifungua duka mapema. Akawasha, akafunga. Akawasha, akafunga. Mara nne, mimi nikiwa mlangoni. Kila mara alisoma kile kioo cha pili kana kwamba ni risala.

"Bado naandika," akasema. "Nani huyo anayeandika?"

"Mashine, mjomba."

"Taipureta haikuwahi kuniambia hivyo." Akaitoa leso, akafuta kioo. Halafu, bila kunitazama: "Ile milima irudishe. Toa jina lako, weka bei."

Ndivyo ilivyokuwa. Uluguru ikarudi, na chini yake UKURASA SH. 300, BARUA, MITIHANI, RISALA. Mshikaji akaleta kwenye disketi programu ndogo ya kurekebisha ile namba ya rangi, zikaanza tena kupokezana zamu. Nilizitia kwenye mto badala ya kwenye mstari. Basi kila saa mbili asubuhi mto ule ukawa unatiririka kutoka mlimani, na mjomba akajua kwamba mashine ni nzima, inafanya kazi, na hakuweka tena kidole kwenye swichi.

Ile kompyuta ilikufa miaka minne baadaye, kwa radi. Iliyoifuata ilikuwa na Windows XP, na huko picha ya kuwasha imefichwa ndani ya faili kuu la mfumo wenyewe, ukiigusa vibaya mashine haiamki. Na kioo cha pili hakikuwepo tena: mashine mpya ukiiambia ifunge inajizima yenyewe, haimwambii mtu kitu. Mwaka huo huo, 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Niliposikia nilifurahi, na nilikuwa na wivu kidogo pia, nikataka kujua waliandika nini pale mahali pa kusubiri.

Tangu hapo nimeandika hadithi kadhaa. Nyingi zimerudi, chache zimechapwa. Vijana wenzangu wanaoanza hunionyesha kazi zao, na mara nyingi naona jina limejaa kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, milima imelala chini yake. Siwacheki. Huwa nawauliza tu nani atasoma, na kidole chake kitakuwa wapi wakati anasoma.

Mama ana simu ya kioo sasa, inasema Kiswahili. Majuzi ilimwandikia kitu kirefu kuhusu masasisho ya mfumo. Akakisoma kipande kwa kipande hadi mwisho, akanipa simu. "Huyu aliyeandika hapa," akasema, "hakukaa na mtu."

Nikamwonyesha pa kubonyeza.